Pikipiki ya Mzee Mulinge

Kama kuna siku mbaya ya kuharibikiwa na chombo mjini Kitui, ni siku ya soko pale Kalundu. Wauza ndengu na machungwa wamejaza pande zote za barabara, mbuzi wanavutwa wakipiga kelele, mikokoteni haina breki wala adabu. Na hapo katikati, saa nne asubuhi, pikipiki ya Kanyiva ikazimika. Ikakataa kabisa.

Haikuwa pikipiki ya kupita bila kuonekana. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1968, silinda mbili, ekzosi mbili zinazong'aa, tangi jeusi lenye michirizi ya rangi ya dhahabu. Mwenyewe naye hakuwa wa kufichika: blauzi ya manjano, suruali ya jinzi, buti za kazi, nywele zimefungwa kwa kitambaa chekundu. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga boksi la barafu lenye chanjo za kuku, kwa maana alikuwa na duka la agroveti, la dawa za mifugo, na wateja wake walikuwa wanamngoja.

Watu wakamzunguka, na kila mmoja akawa fundi. Mmoja akasema ni mafuta. Mwingine akasema ni uzee, iuzwe. Ndipo akajitokeza kijana mrefu mwenye ovaroli ya kijani, anaitwa Ndeti, mtu wa mji wa Wote aliyekuwa na miaka minne akitengeneza boda boda hapo mjini.

"Madam, shuka kidogo," alisema, spana tayari mkononi. "Hii ni plagi tu."

"Toa hiyo spana hapo!"

Ndeti akashtuka. "Kwani nimefanya nini?"

"Spana yako ni ya milimita. Nati za hii ni za inchi za Waingereza, za zamani. Ukizungusha mara moja tu utamaliza kona zote. Halafu mimi nitafungua na nini? Meno?"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaangusha chungwa. Kanyiva akakunjua kitambaa cha turubai chenye spana nzee kumi na moja, akafungua kifuniko cha upande wa injini, akasugua pointi za moto, pale cheche inapoanzia, kwa kipande cha msasa, akapuliza, akafunga. Akasimama juu ya kiki, akaikanyaga kwa uzito wake wote. Pikipiki ikakohoa, kisha ikanguruma kwa ile sauti nzito ya polepole ambayo boda boda zote za Kitui zikiungana haziwezi kuitoa.

"Nani alikufundisha?" Ndeti aliuliza kwa sauti ya juu ili asikike.

"Baba. Alikuwa na vidole vinene, vyangu ndivyo vilikuwa vinaingia nyuma ya kabureta."

"Na mimi nikitaka kufundishwa?"

"Nunua spana kwanza."

"Nitanunua. Sasa nikishanunua nikupate wapi? Nipe namba, aki."

Kanyiva akamtazama kutoka viatu mpaka kichwa, akacheka, akaitaja namba haraka haraka huku akiondoka, kusudi asiishike. Ndeti aliishika. Nisiwafiche, aliishika yote, na usiku huo hakula.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Jumapili baada ya kanisa Kanyiva alikuwa akipeleka pikipiki nyuma ya karakana ya Ndeti, wanaweka sufuria kuukuu chini kukinga oili, wanafungua hiki wanafunga kile. Katikati ya wiki ilikuwa ni simu.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Wee Ndeti! Maneno hayo unayatoa wapi? Kula ugali."

Katika Jumapili moja kama hizo ndipo Kanyiva alipomweleza Ndeti jambo lililokuwa linamkosesha usingizi. Baba yake, Mzee Mulinge, alikuwa mwinjilisti. Pikipiki aliinunua kwa daktari wa Kiingereza aliyekuwa akirudi kwao, akahubiri nayo mpaka Tseikuru, kule barabara inaishia kwenye mchanga na ngamia. Alipofariki, Kivuva, kaka mkubwa wa Kanyiva, alitaka iuzwe kwa mzee mmoja wa Nairobi anayeitwa Kinyanjui, mkusanyaji wa pikipiki za kale. Kanyiva alilia mpaka familia ikakubaliana hivi: kila mwaka, siku ya kumkumbuka mzee, Kanyiva aje nayo nyumbani Kanyangi, ikitembea yenyewe. Mwaka itakaposhindwa kufika, itauzwa.

"Na siku hiyo ni lini?" Ndeti aliuliza.

"Jumamosi ya mwisho ya Juni."

"Basi itafika."

"Ndeti, wewe hujui. Nikiisikia hii injini, ni kama baba ameingia uani. Sina kingine chake chenye sauti."

Ndeti akamshika mkono uliojaa grisi, hakuuachia. Hapo Kanyiva akajua kwamba anampenda kijana huyu.

Juma lile la mwisho la Juni, Kanyiva alialikwa Tseikuru kuchanja mbuzi siku mbili. Akaenda kwa gari la wafugaji, akaacha pikipiki kwa Ndeti. "Ioshe tu, mpenzi. Mengine tutafanya nikirudi."

Lakini mwanamume akipenda hawezi kuosha tu. Alhamisi Ndeti aliosha, akapaka nta, akachaji betri. Alipoirudisha betri ndipo akaona kitu ambacho hakuwahi kukichunguza: waya wa chanya ulikuwa umefungwa kwenye chesisi, mifupa ya chuma ya pikipiki, na wa hasi ndio uliokwenda kwenye taa na swichi. Kinyume kabisa! Boda boda zote alizowahi kushika, za Kihindi na za Kichina, hasi ndiyo huenda kwenye chesisi. "Nani alifanya upuzi huu?" alijisemea. Akaona huruma. Maskini, mzee wa watu hakujua umeme. Akageuza nyaya, akazikaza vizuri, akatabasamu akiwaza vile Kanyiva atafurahi.

Jamani, Waingereza wa zamani walitengeneza hivyo makusudi. Ndeti alipowasha swichi, ile rektifaya, kile kifaa kidogo kinachopeleka umeme wa injini kuchaji betri, ilitoa moshi mweupe na harufu kama ya mfuko wa plastiki unaoungua jikoni. Alizima mbio. Alikuwa amechelewa.

Angempigia Kanyiva saa hiyo hiyo, hadithi hii ingeishia hapa. Hakupiga. Aliona aibu, fundi mzima. Alipiga Nairobi, kwa kila muuza vipuri, na wote wakamwambia kitu kimoja: hicho kifaa utakipata kwa Mzee Kinyanjui peke yake. Ndeti alijua ni Kinyanjui gani. Akampigia hata hivyo, mara nne. Mzee akasema kipo, lakini kitafika Kitui Jumanne.

Kinyanjui naye, mzee mpole asiye na ubaya, akampigia Kivuva kumuuliza kulikoni. Na Kivuva akampigia dada yake asubuhi ya Ijumaa, akiwa ndio ameshuka tu kwenye gari na vumbi lote la Tseikuru kichwani.

"Kanyiva, huyo fundi wako amempigia Kinyanjui mara nne jana. Anaulizia habari za pikipiki. Si ungeniambia mapema kama mmeamua kuuza?"

Kanyiva alifika karakana bila hata kunawa uso.

"Ulimpigia Kinyanjui?"

Ndeti akaangusha bisibisi. "Kany, ngoja nikueleze—"

"Ulimpigia, hukumpigia?"

"Nilimpigia."

"Kumbe! Jumapili zote hizo, unanishika mikono, kumbe unakagua mali!"

"Si hivyo! Aki ya Mungu si hivyo!"

Hakusikiliza. Alisukuma pikipiki mwenyewe mpaka dukani kwake, kilomita moja na zaidi, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu, na watu wakimpisha njia. Ndeti alipiga simu mara ishirini. Mwishowe akaandika ujumbe mrefu, akasema yote: betri, waya, moshi, aibu. "Sikuuza kitu. Niliharibu. Niliogopa kukwambia kuliko ninavyoogopa kitu chochote."

Kanyiva aliusoma akiwa ameketi juu ya gunia la chakula cha kuku. Hasira yake haikuisha, ilibadilika tu. Mtu wa kuuza angemsahau. Lakini mtu wa kumficha jambo kama hili, na kesho ndiyo Jumamosi?

Jumamosi asubuhi, jua likichomoza, alichomoa nyaya za rektifaya iliyoungua, akazifunga kwa utepe, akafunga betri jinsi baba yake alivyokuwa akiifunga. Injini ingekunywa umeme wa betri bila kuurudisha. Betri ilikuwa nzee. Ingefika Kanyangi ama isifike, basi. Akavaa gauni la buluu la kanisani juu ya suruali, akapiga kiki.

Nusu ya kwanza ya safari ilikwenda vizuri. Baridi ya Juni ilimpiga usoni, mbaazi zilizovunwa zimeanikwa nje ya nyumba, watoto wa njiani wakimpungia mikono. Kisha kwenye kilima chenye mawe injini ikaanza kukosa moto. Silinda moja, halafu zote. Ikazimika. Kimya.

Kanyiva aliweka kichwa juu ya tangi. "Pole, baba," alisema. "Nimejaribu."

Ndipo akasikia boda boda nyuma yake. Ilikuwa ya Ndeti. Alikuwa amemfuata tangu mjini kwa umbali, bila kuthubutu kumkaribia. Alishuka, akafungua zipu ya jaketi, akatoa betri mpya iliyochajiwa usiku mzima.

Hakusema mpenzi, hakusema mrembo. Alisema tu, "Nifunge, ama utafunga wewe?"

Kanyiva akamtazama sana. Macho mekundu, hata yeye hakuwa amelala.

"Funga. Nakuangalia."

Akafunga, chanya kwenye chesisi.

"Mbona hukuniambia Alhamisi?"

"Nilitaka uje ukute nimeshatengeneza. Nilitaka usijue kamwe kwamba mimi ni mjinga."

"Ujinga ningeusamehe pale pale, Ndeti. Lakini kunificha kuliniumiza sana."

"Najua. Nisamehe."

Kanyiva akapanda pikipiki. Alipiga kiki, ikawaka, akaondoka. Lakini alikwenda polepole, na Ndeti akaelewa kwamba anangojwa.

Pale Kanyangi, Kivuva alikuwa amesimama langoni na saa yake. Injini iliposikika toka mbali, mama yao, Mama Kanini, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mpaka ilipoingia uani.

"Imefika," mama alisema, akafuta macho kwa leso. Kisha akamwona Ndeti. "Na huyu ni nani, mwanangu?"

Kivuva akakohoa. "Si ndiye fundi?"

"Ndiye," Kanyiva akasema mbele ya wote. "Ndiye aliyeichoma juzi, ndiye aliyenifikisha leo. Na Kivuva, haiuzwi."

"Mimi nilikuwa nimesema ifike. Imefika," Kivuva akajibu, akaenda kutafuta viti.

Baada ya maombi na wali, wawili hao walikaa kwenye jiwe nyuma ya ghala. Kanyiva alikuwa amevua buti.

"Kitu kimoja tu, Ndeti. Ukiharibu chochote, mimi ndiye wa kwanza kujua. Si Kinyanjui, si nani. Mimi."

"Chochote?"

"Chochote."

Ndeti akamgeukia. "Basi kuna kingine. Mwezi wa nne nilimwambia baba kule Wote atenge mbuzi watatu wa ntheo, tuje kwenu kukuposa. Ameshawatenga. Ameshawaambia na wazee. Sikuwa nimekuuliza wewe."

Kanyiva akatazama vidole vyake vya miguu.

"Baba yako anaitwa nani?"

"Mutisya."

"Mwambie Mzee Mutisya awalete mbuzi wake mwezi wa nane, shule zikifungwa," Kanyiva alisema. "Mama atahitaji watu wa kumsaidia kupika."