Hita Iliyofungwa kwa Waya

Gari lilikuwa limelala nje usiku kucha, boneti baridi kama sakafu ya bafuni, ufunguo umo mfukoni mwa mwenyewe. Lakini mshonaji alipofungua mlango asubuhi ile, mtoto mgongoni, hewa ya moto ilimpiga usoni, kama vile mtu alikuwa amekaa humo ndani akimsubiri huku kinywa kiko wazi.

Ukiona hilo ni jambo dogo, basi huyajui magari. Hita ya gari haina moto wake. Maji yanachemka kwenye injini, yanapita kwenye vali, yanaingia nyuma ya dashibodi, feni inapuliza, unapata joto. Injini ikilala, hita nayo inalala. Hilo halihitaji shule, na sisi tulioishia darasa la nne tunalijua vizuri kuliko wengine.

Mshonaji hakuwaza sana. Alishukuru. Mtoto wake alizaliwa kabla ya siku zake, kifua chepesi kama karatasi, na daktari alimwambia neno moja tu: huyu akipigwa na baridi, tutampoteza. Na kila asubuhi ilimbidi ampeleke kwa bibi yake, ng'ambo ya mji, kabla ya kwenda kazini, katika baridi ile inayofanya hata mbwa watembee wakinyanyua miguu. Ndiyo maana jana yake alikuwa amelipeleka gari kwa kaka yake.

Kaka mtu alikuwa fundi, na watu walimwita Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe, wengine wakachoka kubisha.

"Aliyeniuzia alisema hita mbovu, niiache hivyohivyo," dada yake alimwambia pale gereji.

"Alisema hivyo kwa sababu hakunijua," Bingwa akajibu, kichwa kimezama ndani ya boneti. "Mimi nimewahi kuwasha gari ambalo kuku walikuwa wanatagia humo."

"Na mayai uliyapeleka wapi, kaka?"

"Niliyala. Nipe koleo."

Vali aliikuta imefungwa. Si kukwama, la. Imefungwa kwa makusudi, mkono wake umezungushiwa waya wa shaba na kupigwa mafundo, fundo juu ya fundo, kazi ya mtu mwenye subira kubwa au woga mkubwa. Bingwa akacheka mpaka akakohoa. "Mafundi wengine jamani! Hii ni vali au mzigo wa kuni?" Akaukata waya. Akaibana mipira ya maji isimwage, akalegeza klampu, akaing'oa ile vali iliyoliwa na kutu, akafunga mpya, akaunga kebo inayokwenda kwenye swichi ya dashibodi. Kisha akaongeza maji na kuwasha injini, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi ili hewa itoke. Mapovu yakapanda. Yakapanda kuliko kawaida, yana harufu ya sukari iliyoungua, na povu la mwisho halikupasuka. Lilikaa juu ya maji kama jicho, likatazama, likazama tena lilikotoka.

"Hewa tu," alisema Bingwa, na wala hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Basi mtoto akawa anapelekwa kwa bibi yake katika joto zuri. Humo garini halii. Anageuza uso kwenye matundu ya hewa, anatabasamu. Tatizo ni kumtoa. Akitolewa analia mpaka midomo inakuwa ya bluu, kifua kinapanda kinashuka bila kupata kitu, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo alivyochelewa kuivuta pumzi inayofuata. Akirudishwa garini, ananyamaza papo hapo.

Mshonaji akampigia kaka yake simu. Alinong'ona, ingawa alikuwa jikoni kwake peke yake.

"Kaka, gari linapumua."

"Magari yote yanapumua, mdogo wangu. Ekzosi ni ya nini?"

"Sikutanii. Njoo."

Bingwa akaenda asubuhi, na mdomo wake wote. Akaingia, akakaa kiti cha dereva, injini imezimwa. Joto lilikuwepo. Akasukuma swichi ya hita upande wa baridi; joto likabaki. Akachomoa fyuzi ya feni, akaionyesha juu kama daktari wa meno anavyoonyesha jino.

"Haya sasa," alisema. "Lipulize bila feni, nione."

Na kitu humo ndani kikapuliza. Polepole, kwa kipimo, kinatoa na kuvuta, na katikati ya kutoa na kuvuta kulikuwa na sauti ya chini, shhh, shhh, kama ya mlezi anayebembeleza. Na mshonaji aliyekuwa kiti cha nyuma amempakata mtoto akamwonyesha kaka yake kioo kwa kidevu tu, kwa maana hakuthubutu kunyoosha kidole, na pale juu ya kioo, karibu na uso wa mtoto, ukungu wa pumzi ulikuwa unatanda na kufifia, unatanda na kufifia, doa pana kama sahani, pana kuliko pumzi ya mtoto na ya mama yake zikiunganishwa, na Bingwa alipomtazama vizuri mpwa wake akaona kuwa kila tundu lilipotoa hewa mtoto alifungua kinywa akavuta, na kila mtoto alipotoa hewa tundu nalo likavuta, kidogo zaidi ya lilivyotoa, kidogo zaidi, kidogo zaidi.

"Toka," Bingwa alinong'ona. "Dada, toka taratibu. Usikimbie."

"Nikimtoa hapati pumzi."

"Ukimwacha itakwisha."

Walimtoa. Ilichukua muda mtoto kuvuta pumzi ya kwanza, na katika muda ule Bingwa hakuwa bingwa wa chochote.

Mganga waliyemwendea alikuwa mama mfupi aliyeuza viatu vya mitumba, mkali, asiyependa maneno mengi. Aliliangalia gari kutoka mbali, akanusa.

"Nani amemfungulia?"

"Mimi nilibadilisha vali tu, mama."

"Na waya?"

"Niliukata."

"Ulidhani mtu mzima amekaa chini kupiga mafundo yote yale kwa kukosa kazi?" Akasonya. "Jini huyu amechoka na chuma. Anatafuta kifua cha kukaa, na amepata kilicho wazi. Akikimaliza hiki, mtoto mtamzika na yeye atabaki."

Akawaeleza la kufanya. Mtoto aachwe kwa bibi yake, ndani ya mablanketi, mama yake akae naye. Injini ichemshwe vizuri, vali ifunguliwe mpaka mwisho, kisha mpira wa hita ulegezwe na maji yatoke yenyewe, yaende mtaroni na yeye ndani yake. "Yenyewe," alirudia. "Hata yakidondoka tone tone mpaka jioni. Usiyasaidie kwa mdomo."

Yakatoka meusi, yanafuka mvuke, na lile joto la garini likaondoka kama mgeni aliyekasirika. Mganga akayafuata maji kando ya mtaro, anayasomea. Bingwa akabaki peke yake na mpira mkononi, na ndani ya hita akasikia maji yaliyobaki yakicheza, glu, glu. Sasa, fundi wa zama zake akitaka kusafisha mpira anafanya nini? Anatia mdomoni anapuliza. Kabla hajakumbuka alilokatazwa, alikuwa ameshapuliza. Maji yakaruka upande wa pili. Kisha mpira nao ukampuliza yeye, mara moja, mpaka chini ya koo.

Mganga aliporudi akauliza, "Yameisha?"

Bingwa akaitikia kwa kichwa.

Kwa bibi mtu, mtoto alikuwa analia kilio kile kibaya. Mama yake alikuwa amekata tamaa, anamtembeza chumbani huku na huku. Bingwa alipoingia tu, mtoto akanyamaza. Akageuza shingo, akamtafuta mjomba wake, akanyoosha mikono.

"Kaka! Limekwisha?" dada yake alisema, akicheka na kulia pamoja. "Ona anavyokutaka. Mchukue. Mbona husemi, wewe leo?"

Bingwa alimpokea, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshanyooka yenyewe. Mtoto akafungua kinywa. Na dada mtu akamwona kaka yake machozi yanamtoka, shingo imekakamaa, uso unainama kidogo kidogo kuelekea uso wa mtoto huku kichwa kinatikisika hapana, hapana, midomo imebanwa mpaka imekuwa myeupe, na kutoka puani mwake ikatoka harufu ya sukari iliyoungua.

Akampokonya mtoto. Bingwa akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akatoka kinyumenyume, akaangusha stuli, akakimbia.

Mtoto alilia mpaka jioni, kilio kirefu cha hasira, chenye pumzi tele, na mama yake hakumbembeleza hata kidogo. Alikaa akikisikiliza kama muziki. Sasa mtoto huyo anakimbia uwanjani bila koti.

Na Bingwa bado anafanya kazi palepale. Nyumbani kwa dada yake haendi. Anakula peke yake, ameupa mgongo mlango, anatafuna haraka. Mpelekee gari, atakusikiliza kinywa kimefumbwa, atalitengeneza vizuri tu, kwa ufundi wake ni kweli hana mpinzani. Lakini kama umeenda na mtoto, nakuomba, usimchekeshe Bingwa.