Divai Nyeupe ya Arrechea

Saa nne asubuhi.

Evaristo Guaymás alichora ramani ya ghala kwa kidole, kwenye unga uliomwagika mezani. Walikuwa watatu, katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa empanada, zile sambusa za kuoka. Komeo mlangoni.

"Lita elfu kumi na mbili," alisema. "Divai nyeupe ya shamba la juu, mita elfu tatu. Watalii wanainusa kama mbwa kwenye nguzo, halafu wanajifanya kuona malaika. Mapoyoyo. Jamaa mmoja wa mjini Tucumán ataibandika lebo yake, kwisha."

Miaka tisa aliwahi kusimamia ghala hilo. Don Leopoldo Arrechea, mwenye shamba, alimfukuza kwa udokozi.

"Wewe, punda," alimgeukia Rufino Condorí, fundi wa kufuli, shavu limevimba kwa majani ya koka aliyokuwa akitafuna. "Unaingia, unafungua bomba la tangi la mwisho, unatoka. Lori liko chini ya mteremko, divai inashuka yenyewe. Hakuna pampu, hakuna kelele. Mambo matatu hayo. Yataenea kichwani?"

"Yataenea, mkuu."

Nélida Chocobar, dereva, alimtazama Evaristo kama anayetazama mende kwenye sahani. Arrechea alichepusha mfereji wa baba yake Nélida ili anyweshe mizabibu. Mahindi ya mzee yalikauka, mzee naye akafuata. Hilo ndilo lililomleta. Hilo, na Rufino, mume wa marehemu dada yake, mtu asiyejua hata kuiba bila kushikwa mkono.

Saa saba na nusu mchana.

Bonde zima limelala baada ya chakula. Mlinzi anakoroma, kofia usoni. Rufino alivunja kufuli, akaburuta mpira wa kupitishia divai kutoka kwenye lori hadi ndani. Dakika chache baadaye mpira ukakakamaa. Divai ilikuwa inashuka.

Saa nane kasoro dakika kumi.

Rufino hajatoka.

"Shemeji!" Nélida aliita mlangoni. Harufu kali ilimchoma puani. Zabibu za msimu zilikuwa zinachacha mle ndani, na hewa yake hutuama sakafuni, huua bila kelele.

"Hukumwambia?" alimgeukia Evaristo.

"Nini?"

"Hewa! Watu wanaingia na mshumaa. Ukizimika, wanakimbia."

"Angeogopa," Evaristo alisema. "Tumebaki wawili. Panda gari."

Nélida alibana pumzi, akaingia. Rufino alikuwa amelala chini ya ngazi. Alimvuta vidato vitatu, kifua kikataka kupasuka. Akatoka kuvuta pumzi, akasikia injini. Evaristo alikuwa ameshachomoa mpira na kuondoka. Divai ilitiririka mteremkoni, njano hafifu kama mkojo.

Milima ilikuwa nyuma yake. Angeondoka kwa miguu, nani angemjua?

Ukutani palikuwa na kengele ya kuita wachumaji. Nélida akashika kamba. Akaigonga mpaka mikono ikauma.

Wafanyakazi walitoka peku, macho mekundu. Wanaume wanne wakamtoa Rufino. Mlinzi akapiga simu kituo cha polisi cha chini.

Saa tisa na nusu.

Njagu walimrudisha Evaristo na pingu, pua imepasuka. Alikuta gogo walilotega barabarani, akarudi nyuma kwa pupa, akalilaza lori mtaroni.

Don Leopoldo alifika na kandambili. Hakumtazama Rufino aliyetapika ndani ya blanketi.

"Imemwagika kiasi gani?" aliuliza.

Sajini alichuchumaa mbele ya Rufino. "Nani alikuleta hapa?"

Rufino alimwangalia Evaristo, akainamisha macho haraka. Akamwangalia Nélida. Akachagua yule asiyeweza kumpiga.

"Huyu," alisema, akimnyooshea kidole. "Shemeji yangu. Aliniambia ni kazi halali."

Evaristo aliangua kicheko, meno yamejaa damu. "Kweli kabisa, afande! Mwanamke ndiye aliyepanga kila kitu!"

"Mama, una la kusema?" sajini aliuliza.

Nélida aliwatazama mmoja mmoja: mwizi aliyefukuzwa kwa wizi, tajiri anayelilia dimbwi, na mwanamume aliyekuwa maiti saa moja na nusu tu iliyopita. Akatema mate pembeni, akanyoosha mikono yote miwili.

"Funga," alisema. "Ila mimi nikae mbele na dereva. Siwezi kupanda nyuma na takataka."