Bunduki Kwenye Shimo la Ndizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Primitive aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akamtoa mbuzi wao na kumfunga penye majani mabichi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la tano, na ukweli ni kwamba alimpenda yule mbuzi kuliko hesabu. Asubuhi moja ya mwaka 1997 alikuta kamba tu, imekatwa kwa kisu.

Hawakuwa peke yao walioibiwa. Msimu ule, huko vilimani Nyakabuye, watu wenye silaha walikuwa wakishuka kutoka msituni. Walichukua mbuzi, walichukua maharagwe, na mara nyingine walichukua roho ya mtu. Kambi ya askari ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mtu akivamiwa, kinga yake ilikuwa mayowe. Tangu enzi za mababu, ukisikia mayowe kilimani unatoka na kwenda, na asiyekwenda huulizwa kesho yake alikuwa wapi.

Lakini Kubwimana, baba yake Primitive, hakuyaamini mayowe. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akakulia mjini, na hata mwaka haukuwa umetimia tangu arudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, na familia yake na kupewa kile kishamba cha migomba. Mkewe, Eugénie, alipomwambia kwamba usiku wa mbuzi wangepiga kelele, alicheka kwa uchungu.

"Nani atakuja?" alisema. "Hawa watu hata hawatujui."

Wiki ile ile aliokota bunduki migombani, imetupwa na mtu aliyekimbia, risasi zimo ndani. Primitive alikuwa karibu akikusanya kuni, akamwona. Katika shamba lile palikuwa na shimo kubwa la zamani, kina chake kiunoni, na ubavuni mwake tundu dogo lililoingia chini kwa chini. Papa, kama alivyomwita baba yake, alidhani ni pango la mnyama. Aliifunga bunduki kwenye plastiki, akaisukuma humo tunduni, kisha akapaziba kwa majani makavu ya mgomba.

"Usimwambie mtu," alimwambia binti yake. "Hata mama yako. Niapie."

Primitive akaapa. Angefanya nini? Papa ni Papa.

Jumapili konseye, kiongozi wa sekta yao, aliitisha mkutano. Alisema raia haruhusiwi kuweka bunduki bila kibali, na kwamba atakayeileta mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi hatahojiwa. Kubwimana alisimama, akauliza wao wa vijijini wajilinde na nini. Konseye akajibu kwamba wanaume wapange zamu za kulinda usiku, yaani irondo, na wasikilizane wakiitana. Watu wakaguna. Fimbo dhidi ya bunduki, jamani. Hata konseye mwenyewe hakuwa na kingine cha kuwapa.

Tangu siku ile chakula hakikumshuka Primitive. Darasani mwalimu alimwita mara mbili asisikie. Siri ya mtu mzima ilimwelemea, na hapakuwa na wa kumsaidia kuibeba.

Mwisho wa mwezi ulipita, bunduki iko pale pale. Jumatatu Papa alishuka Bugarama kwenye kazi yake ya kiwanda cha saruji, na kama kawaida angerudi Jumamosi. Alhamisi Primitive alitoka shule, akamkuta mama yake penye lile shimo pamoja na Mzee Harerimana, jirani wa nyumba ya tatu. Mzee huyu ndiye aliyewaonyesha namna ya kupanda mihogo walipofika, na kila mara alimtania Eugénie kwamba watu wa mjini hushika jembe kama kijiko. Sasa alikuwa akimfundisha kuivisha ndizi za pombe, kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa Patricie, jirani mwingine. Shimo lilikwisha kutandikwa majani, ndizi mbichi zimepangwa, juu pamefunikwa kwa udongo.

"Bado moto," Mzee alisema, akapiga magoti mbele ya lile tundu. "Unawashwa hapa ubavuni, kwenye mdomo huu. Moshi unaingia shimoni, ndizi zinapata joto. Siku tatu, zimeiva." Akachungulia, akacheka. Hata majani makavu alikuwa amekwisha kuwekewa.

Hapo Primitive akaelewa. Kumbe halikuwa pango la mnyama. Kila mzaliwa wa vilima vile angelijua tundu lile, ila Papa wa Bukavu hakulijua. Akisema, Papa atafungwa. Akinyamaza, Mzee yuko pale, kichwa chake hatua moja tu kutoka tundu lenye bunduki. Akaomba wamsubiri Papa mpaka Jumamosi. Mama akamkemea, tangu lini ndizi zikamsubiri mwanamume? Basi Primitive akasema uongo, uongo mdogo wa kuokoa watu.

"Mzee, humo kuna nyoka. Nilimwona."

"Nyoka?" Mzee alisema kwa utulivu. "Vizuri. Moshi utamtoa."

Akaingiza kaa la moto. Majani yakashika mara moja. Mzee akainama kupuliza, akaongeza kuni, akapuliza tena, na hapo ndipo Primitive alipopaza sauti: "Toka hapo Mzee, kuna bunduki!" Mzee aliinuka, akamgeukia kama asiyeelewa. Mlio ukapasuka, halafu mwingine. Alianguka ameshika paja, na damu ikapita katikati ya vidole vyake.

Mama alivua kitenge, akafunga lile paja kwa nguvu. Primitive alikimbilia ukingo wa shamba kupiga mayowe. Alipiga kweli kweli, mpaka koo likawasha. Lakini ni nani angeyaitika? Kilima kizima kilikuwa kimesikia risasi. Milango ilifungwa, watu walikimbilia bondeni na mikeka kichwani. Patricie alipita mbio hatua chache kutoka kwao, mtoto mgongoni, akamtazama Primitive usoni, hakusimama. Primitive hakuweza hata kumkasirikia. Alirudi akaketi, akakishika kichwa cha Mzee, akasikiliza jinsi anavyohema. Hakukuwa na kingine alichoweza kufanya. Saa mbili nzima walikaa hivyo, mwanamke, mtoto na mzee anayetokwa na damu, mchana kweupe, katikati ya majirani.

Hatimaye konseye na wanaume wa irondo walikuja wakinyata. Walipoona hali, wakamlaza Mzee kwenye machela na kumpeleka mbio kituo cha afya.

Jumamosi Kubwimana alisikia habari akiwa njiani. Hakufika hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa konseye akasema, "Ni yangu." Alifungwa miezi minne. Bunduki, au mabaki yake, ilichukuliwa na askari.

Mzee Harerimana alirudi baada ya wiki sita, na fimbo, mguu mmoja haukunjiki tena. Primitive alikwenda na mama yake kumwomba msamaha. Alipiga magoti, akasema yote: maneno ya Papa kwamba hakuna atakayekuja, kiapo, nyoka, kila kitu. Alilia mpaka akakosa pumzi.

Mzee alimwinua. "Kiapo cha kuficha hatari si kiapo, mutoto wangu. Ungemwambia mama yako siku ile ile, leo ningekuwa shambani. Na ule uongo wako haukuniokoa, ukweli ndio ulioniinua kichwa, ingawa ulichelewa." Akaunyoosha mguu wake mbovu. "Baba yako namwelewa. Hata mimi naogopa, na sitakudanganya kwamba kelele huzuia risasi. Lakini umejionea. Mayowe peke yake huleta watu. Bunduki ikilia kwanza, watu hukimbia, hata ukipiga mayowe. Baba yako aliuliza nani atakuja."

Akaelekeza fimbo mlangoni mwake, nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Usiku ule wa mbuzi, kama mngeita, ningekuja mimi. Siku hizo nilikuwa na miguu yote miwili. Atakapotoka, mwambie hivyo. Na mwambie bado nitakuja, polepole."