Sadaka ya Mstari wa Tatu

Jumamosi ya mkutano mkuu wa kanisa letu wa Oktoba, mji mzima wa Salt Lake huvaa nguo za kanisani na kwenda kununua soda. Foleni ya kibanda kimoja cha barabara ya State ilikuwa imefika kwenye taa za magari, wanaume wamelegeza tai, wanawake wamebeba viatu mkononi, na msichana wa dirishani anaita majina mpaka sauti imekauka. Marlese Oveson alikuwa amesimama pale nusu saa. Alivaa gauni la rangi ya haradali lenye kola nyeupe, viatu bapa, na miwani mikubwa ya mviringo aliyoikata mwenyewe, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kukata lenzi za miwani. Alipofika dirishani hatimaye, bilauri yake ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, na mrija ulikuwa mdomoni.

"Kaka, hiyo ni yangu."

Yule mtu aliisoma bilauri. Jina lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. "Nimeshainywa," alisema.

"Naona. Unaionaje?"

"Ina ladha ya mafuta ya dada yangu ya kujikinga na jua."

"Ni nazi na ndimu. Kama hujui kuinywa, basi rudisha."

Hakurudisha, alimnunulia nyingine, akarudi mwisho wa foleni kuipata. Mtu anayekubali kurudi mwisho wa foleni ile ana moyo wa pekee au ana upungufu fulani. Ilimchukua Marlese karibu mwaka mzima kujua kwamba Heber Lindquist alikuwa na vyote viwili.

Heber alikuwa fundi wa lifti, miaka ishirini na minane, mrefu, tai ya bluu imefungwa vizuri na kucha zina grisi isiyotoka. Alikuwa ametumikia misheni Finland, na alirudi na tabia ya kukaa kimya hadi watu wamalize kugombana. Ikagundulika kwamba wote wawili ni wa kata moja, yaani kusanyiko moja la kanisa, ile kata yetu ya waseja pale barabara ya Mia Tisa Mashariki, ila Heber alikuwa amehamia wiki moja tu kabla. Kufika Novemba askofu alishampa darasa la Jumapili afundishe maandiko. Kufika Krismasi walikuwa wanakaa benchi moja. Mimi ndiye mpiga kinanda, na kutoka pale juu huonekana nani amemwegemea nani.

Walipendana, tena sana, sitaki mtu afikiri vingine. Marlese alimkatia kola za shati zilizochakaa akamgeuzia. Heber alimpigia simu kila saa sita mchana, akiwa kwenye paa la jengo fulani, kumwambia tu kwamba milima inaonekana. Alimwita "bibi wa lenzi," na Marlese alimwita "bwana wa ghorofa." Tatizo lilikuwa moja. Sisi watu wa bonde hili tumefundishwa kumwuliza Mungu kuhusu kila jambo, na ni mafundisho mazuri, lakini wako wenzetu ambao hawawezi kununua viatu bila kuomba na kungoja jibu. Heber alikuwa wa kundi hilo, kisha akazidisha.

Siku moja ya Machi Marlese alimpigia, akitaka waende wakale.

"Nimefunga," Heber alisema.

"Leo Jumanne."

"Nafunga kwa ajili ya jambo fulani."

"Jambo lenyewe lina jina?"

"Lina miwani."

Marlese alicheka mpaka wenzake wa karakana wakageuka. Alijua maana yake. Mwanamume wa kwetu akifunga kwa ajili ya msichana, wiki ya pili mama yake huanza kuulizia ukumbi. Basi akangoja. Akangoja Aprili, akangoja Mei. Heber alifunga tena Juni, na Julai akaenda hekaluni asubuhi nne mfululizo. Kila akiulizwa, jibu lake lilikuwa kwamba hajapata jibu. Marlese akaanza kusaga meno, na daktari wake wa meno akamwuliza kama ana msongo wa mawazo.

Mwishoni mwa Agosti kliniki moja ya macho ya Boise ilimwandikia ikitaka awe mkuu wa karakana yao ya lenzi. Ilikuwa kazi aliyoiota tangu akiwa na miaka ishirini, na walitaka jibu ifikapo Jumatatu ya pili ya Septemba. Boise ni mwendo wa saa tano kwa gari. Marlese alimkalisha Heber kwenye ngazi za nyumba yake akamweleza waziwazi: akienda, anaenda kuishi huko, na hataki mapenzi ya kwenye simu. Akamwambia ampe sababu ya kubaki, au amwambie aende. Heber alimshika mkono, akamtazama kwa upendo mkubwa, akasema atalipeleka jambo hilo mbele za Bwana. Marlese alitamani kumsukuma ngazini.

Wiki hiyo hiyo Heber alikuwa akiandaa somo la lile andiko linalosema jicho likiwa moja tu, likitazama utukufu wa Mungu peke yake, basi mwili wote utajaa nuru. Alilisoma, akalirudia, akaandika kurasa sita. Na hapo akapata lile alilodhani ni ufunguo wa kimya cha mbinguni: hajibiwi kwa sababu jicho lake halikuwa moja. Jingine lilikuwa kwa Marlese. Akipiga magoti kuomba anaona gauni la haradali. Kwa hiyo, aliwaza yule mtu mwema asiye na akili, dawa ni kumwachilia. Amtoe kama Ibrahimu alivyomtoa Isaka, kwa moyo wote, na bila shaka yule kondoo dume atatokea kichakani na Marlese atarudishwa kwake. Aliona mambo yote katika mpango huo isipokuwa kumwambia Marlese.

Jumapili ya kwanza ya Septemba ilikuwa ya mfungo, na siku ya mfungo yeyote anayesukumwa na moyo husimama mimbarini kutoa ushuhuda. Heber alisimama wa tatu, suti ya kijivu, macho mekundu. Akasema amejifunza juma hili kwamba Mungu anataka jicho moja. Akasema kuna kitu alichokipenda kuliko vyote duniani, na kwamba leo, mbele ya kata yote, amekiweka madhabahuni na kuondoa mkono. Akafunga kwa jina la Yesu Kristo, na watu mia moja na arobaini wakaitikia amina na kugeuza shingo kwa pamoja kumtazama Marlese, aliyekuwa mstari wa tatu, na njaa tumboni, mkoba wa Heber mapajani mwake.

Nilikosea noti mbili kwenye wimbo wa kufunga. Hakuna aliyesikia.

Kufika saa kumi na moja jioni, akina dada wa kata walikuwa wameshaleta sinia tatu za viazi vya jibini, vile vilivyonyunyiziwa vipande vya mahindi juu, ambavyo kwetu hupelekwa nyumba yenye msiba. Dada wa sinia ya tatu alimkumbatia Marlese mlangoni na kumwambia Mungu ana mpango. Marlese alimshukuru, akafunga mlango, akala viazi vya kutosha watu wanne kwa hasira. Simu ikalia.

"Ulinielewa lakini?" Heber aliuliza.

"Nimeelewa kwamba nimeachwa kwa kipaza sauti."

"Sijakuacha. Nimekuweka madhabahuni. Ni tofauti."

"Nionyeshe hiyo tofauti, maana nina viazi vya matanga jikoni."

"Ibrahimu alirudishiwa, Marlese. Ndiyo maana ya hadithi."

"Na Isaka aliulizwa?"

Heber alianza kunukuu aya ya Mwanzo.

"Angalau yeye alipandishwa mlimani," Marlese alisema. "Akatembezwa siku tatu, akabebeshwa kuni, akapata muda wa kuuliza kondoo yuko wapi. Mimi umenichinja nimekaa. Usinipigie simu." Akaikata, akalia, kisha akakasirika kwa sababu analia.

Hakupokea simu yake tena. Saa sita za mchana zilikuja na kupita, simu inatetemeka juu ya meza ya lenzi, na Marlese anazidisha mwendo wa mashine ili asiisikie. Siku ya Jumanne mshauri wa askofu, mtu mpole, alimpigia Marlese, akimkumbusha kwa aibu kwamba wiki tatu nyuma alikuwa amepangiwa kutoa hotuba ya Jumapili inayokuja, na mada, kwa bahati mbaya, ni lile andiko la jicho. Akasema kila mtu ataelewa kama Dada Oveson angependa kupumzishwa.

"Dada Oveson hajachoka," Marlese alimjibu.

Jumapili alipanda mimbarini na gauni la bluu iliyoiva, nywele amezibana, karatasi hana. Heber alikaa upande wa njia, amekonda. Watu walijaa hadi viti vya kukunja vya nyuma, na nitasema ukweli, si wote waliokuja kwa ajili ya Bwana.

Hakumtaja mtu. Alisimulia habari za mzee mmoja aliyefika karakanani na macho yasiyopatana, kila moja linakwenda njia yake, kiasi kwamba mlango aliuona miwili na paji la uso lilikuwa na nundu. Mzee alikuwa amejifunza kufumba jicho moja. Akifumba, mlango ulikuwa mmoja, lakini hakujua tena kitu kiko umbali gani. Maziwa aliyamwaga pembeni ya glasi, na mjukuu wake alikuwa haruhusiwi kumpa mkono ngazini, wasije wakaanguka wote. Marlese alimkatia lenzi zinazoyaleta macho yote mawili mahali pamoja. Mzee alipoivaa ile miwani alimgeukia mkewe, akamwambia, kumbe uko karibu hivi.

"Sijui Kigiriki cha maandiko," Marlese alisema, "najua macho. Kwa miaka saba sijaona mtu aliyepata nuru zaidi kwa kufumba. Mimi nadhani Bwana aliposema jicho moja hakusema tung'oe la pili. Nadhani alisema yote tuliyo nayo yatazame kwake, kazi zetu, na mama zetu, na watu tunaowapenda, mpaka tuone kitu kimoja." Akavua miwani, akaifuta kwa mkono wa gauni, akaivaa tena. "Ukimpenda Mungu na ukampenda mtu, ukaona wanagombana, usikimbilie kumtupa mtu. Kwanza kapime macho."

Akafunga kwa jina la Yesu Kristo. Amina ile ilikuwa kubwa kuliko zote nilizozisikia katika ukumbi ule.

Saa iliyofuata Heber alisimama mbele ya darasa lake na kurasa sita mkononi, akazitazama, akasema somo hili hajalielewa na si haki amfundishe mtu. Akakaa. Dakika arobaini zilizobaki tulizungumza habari za mavuno ya pichi.

Jumatatu saa sita na robo Marlese alikuwa peke yake kwenye duka la miwani lililo mbele ya karakana, wenzake wamekwenda kula. Namba ya Boise ilikuwa imeshaandikwa kwenye kioo cha simu, ilibaki kubonyeza. Heber akaingia na ovaroli ya kazi, bisibisi mfukoni, ameshuka mbio ngazi za ghorofa kumi na moja kule kazini kwake kwa kuwa lifti aliyokuwa anaitengeneza ilikuwa, bila shaka, haifanyi kazi.

"Kama umefunga, rudi ulikotoka," Marlese alisema.

"Nimekula. Nimekula mkate wa jibini na supu, nimeshiba. Nimeshiba makusudi." Alivua kofia. "Sijaomba chochote kuhusu leo. Nimekuja kwako kwanza."

Marlese aliweka simu mezani bila kuizima.

"Mtu hutoa sadaka kilicho chake," Heber alisema. "Mimi nilitoa ambacho si changu. Hukuwa wangu wa kutoa, nami nilikutoa mbele ya watu, nikangoja nirudishiwe kama mkopo. Nisamehe. Siyo kwa ajili ya mbinguni. Nisamehe kwa ajili ya pale mstari wa tatu."

Alisema bila sauti ya kanisani, na ndiyo maana aliaminika. Kisha akauliza kama Marlese angekubali waoane.

Marlese alichukua simu, akabonyeza, na Heber akasimama pale akimsikiliza anaiambia Boise kwamba anaikubali kazi, kwamba ataanza Oktoba, na kwamba ndiyo, anafahamu theluji ya huko. Alipomaliza alimtazama Heber ili aone anafanyaje.

"Boise wana ghorofa," Heber alisema polepole. "Watakuwa na lifti."

"Wana lifti mbovu nyingi."

"Basi nitapata kazi."

"Basi ndiyo," Marlese alisema, na machozi yakaanza kumtoka, mengine ya furaha na mengine ya mwaka mzima wa kukereka. Heber alimkumbatia juu ya meza ya vipimo, trei ya fremu ikaanguka, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Baada ya muda Heber alirudi nyuma kidogo. Alikuwa bado Heber. Alimwuliza kwa upole kama na yeye angependa kwanza alipeleke jambo hili mbele za Bwana, apate jibu lake mwenyewe, hata likichukua muda.

"Nilishalipata," Marlese alisema. "Aprili, siku ya Alhamisi, nikiwa na lenzi mkononi. Niliomba mara moja, nikajibiwa kabla mashine haijasimama."

"Aprili?" Heber alitafuta kiti cha wateja kwa mkono, akakaa. "Tangu Aprili unajua? Nimefunga miezi mitano kwa ajili ya jibu hilo. Mbona hukuniambia?"

"Ulimwuliza kila mtu aliye mbinguni, Heber," Marlese alisema. "Mimi nilikuwa hapa hapa."