Fa ya Katikati

Hadithi hii nusu nimeipata kwa mama yangu, Rosina, na nusu kwa shangazi yangu Walburga. Wawili hao hawakuwahi kukubaliana jambo lolote maishani mwao isipokuwa hili.

Vuli ya mwaka 1884 mama alikuwa na miezi mitano tu tangu aolewe. Baba yangu, Leopold Zierler, alikuwa na duka la dawa hapa Graz, na juu ya duka ndipo walipoishi: yeye, mama, na dada yake Walburga ambaye hakuwa ameolewa. Bibi mzaa baba alikuwa amefariki karibu na Pasaka ya mwaka uliotangulia. Aliacha makabati mazito, mapazia ya kijani, na piano.

Baba alikuwa na ombi moja. Siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu aliyeitwa kwa jina lake, katikati ya Novemba, wageni watakapokuja kula bata bukini, mkewe na dada yake wampigie walzi, ule muziki wa dansi, kwenye piano hiyo kwa mikono minne, wawili benchi moja, kama familia nyingine zote za mtaani.

Jumanne moja ya Oktoba, saa kumi alasiri, walikunywa kahawa, wakaketi. Shangazi kushoto, kwenye sauti nzito, pedali chini ya mguu wake. Mama kulia. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri, hata mama akaanza kufurahi. Katika ukurasa wa pili kuna mahali mkono wake wa kushoto unashuka mpaka katikati, karibu kabisa na mkono wa kulia wa mwenzake, na hapo apige nota ya fa.

Akapiga. Haikulia. Kibonyezo kilikuwa tayari kimezama.

"Wifi, toa kidole chako mapema kidogo," mama alisema.

"Kidole changu kipo kwenye do."

"Basi nani amekikalia kibonyezo changu?"

"Jiulize mwenyewe. Hivyo vidole vyako vina haraka ya bibi harusi."

Wakarudia. Fa haikulia. Wakarudia mara sita, na mara ya saba shangazi akafunga kitabu cha nota, akasema kichwa kinamuuma.

Ikawa hivyo kila siku, wiki baada ya wiki. Mama alijifunza sehemu yake kwa moyo, akaipiga peke yake asubuhi shangazi akiwa sokoni, na fa ililia bila taabu. Jioni wakiketi wawili, inakufa. Alipunguza mwendo, haikusaidia. Alibadilisha kidole, haikusaidia. Aliamini kabisa kwamba wifi yake anamfanyia makusudi ili aonekane mjinga mbele ya wageni, na shangazi naye aliamini hivyohivyo kuhusu mama. Mezani wakawa hawasemeshani moja kwa moja.

"Leopold, mwombe mkeo anisogezee chumvi."

"Leopold, mwambie dada yako chumvi iko mbele yake."

Baba alimwita fundi wa piano, Mzee Pokorny. Alichomoa mbao zote, akapangusa, akarudisha, kisha akaibonyeza ile fa labda mara hamsini mfululizo.

"Kibonyezo hakina tatizo," akasema huku akifunga begi lake. "Mabibi, mimi nalegeza na kukaza nyuzi. Ugomvi wenu sina chombo chake."

Usiku huo huo baba naye alichoka. Alisema kama hawawezi kukaa kwenye benchi moja, basi hawawezi kukaa nyumba moja. Binamu yao wa mji wa Marburg alikuwa mgonjwa na alihitaji mtu wa kumtunza. Walburga angekwenda huko baada ya sikukuu. Shangazi alizaliwa katika nyumba ile. Aliweka kijiko chini na hakukigusa tena. Mama aliniambia kwamba kwanza alifurahi, halafu akaona haya kwa sababu ya kufurahi.

Kesho yake, Alhamisi, jua lilikuwa likiingia dirishani. Shangazi alikwenda kuketi kabla ya kahawa.

"Njoo," alimwambia mama. "Usipige. Weka mikono yako mapajani."

"Ili iweje?"

"Weka tu. Na mimi naweka yangu."

Wakakaa hivyo, mikono minne mapajani. Chini, dukani, kengele ya mlango ililia na baba akamsalimu mteja wa dawa ya kikohozi.

Vibonyezo vyeupe vilikuwa sawasawa. Isipokuwa kimoja.

Fa ilikuwa chini.

Mama alifikiri macho yake yanamdanganya. Akainama. Kibonyezo kikapanda taratibu, kikawa sawa na vingine. Kisha kikashuka tena. Polepole mno, hata sauti haikutoka. Namna kinavyoshuka kikiwa chini ya kidole kisicho na nguvu.

"Ni marehemu mama," shangazi alinong'ona.

Mama yangu alimgeukia.

"Alipopata kiharusi kilibaki kidole kimoja tu kinachofanya kazi. Cha shahada, cha mkono wa kushoto. Kila nilipoketi alikuja kukaa hapa, pembeni yangu. Akawa anabonyeza hiyo. Hiyo tu. Wimbo wowote, wifi. Mwaka mzima."

"Halafu?"

"Siku moja nikafunga kifuniko cha piano."

"Hukuona kidole?"

Shangazi alikitazama kifuniko.

"Nilikiona."

Fa ikapanda. Ikashuka.

"Hakupiga kelele," shangazi alisema. "Alinitazama tu. Tulimzika ukucha ukiwa bado mweusi."

Mama alisema kwamba kilichompata wakati ule hakikuwa hofu. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza ilikuja hasira. Wiki nne nzima aliambiwa ana vidole vya haraka.

"Ulijua," alisema.

"Nilishuku."

"Ukashuku, ukaniacha niitwe mjinga katika nyumba ya mume wangu."

"Ningekuambia nini, Rosina? Kwamba nilimfanyia nini mama yangu?"

Mama alifungua kitabu cha nota.

"Sogea," alisema. "Tutampa nafasi. Tupige."

Shangazi akasogea kushoto. Mama akasogea kulia. Katikati ya benchi pakabaki pengo. Wakaanza. Ukurasa wa kwanza ukapita. Wa pili. Mkono wa mama ukashuka, ukafika pale, na safari hii akainua kidole, akaiacha.

Fa ikalia.

Ililia kwa wakati wake. Laini. Bila kukosea.

Hawakuthubutu kusimama. Kila fa ilipofika, waliiacha, nayo ililia. Benchi lilianza kulalamika, kama linavyolalamika likiongezewa uzito. Mama alikaza macho kwenye nota. Hakutazama kushoto. Wakafika mwisho, kwa mara ya kwanza tangu waanze. Wakaondoa mikono.

Sauti haikuondoka.

"Achia pedali," mama alinong'ona.

"Nimeachia."

Ilivuma tu. Na ndani ya mvumo ule mama akahisi kitu kimemgusa tumboni. Kidole kimoja. Juu ya gauni. Kilibonyeza polepole, kwa upole, kikakaa hapo, kisha kikainuka.

Sauti ikakatika.

Mama alikuwa hajamwambia mtu yeyote kwamba ana mimba. Yeye mwenyewe alikuwa na uhakika kwa siku nane tu.

Siku ya jina la baba walipiga walzi mbele ya wageni kumi na wawili. Fa zote mama alizipiga mwenyewe, na zote zililia. Watu walipiga makofi. Baba, akiwa na glasi ya divai mkononi, akatangaza kwamba Walburga haendi Marburg wala popote. Shangazi alilia mbele za watu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Aliendelea kuipiga piano ile hadi uzeeni, na haikumsumbua tena. Mama hakuketi kwenye benchi lile tena, na baba alikufa akiamini kwamba mkewe ni mtu wa kununa.

Mimi nilizaliwa Juni. Mkunga aliniosha mkono wa kushoto kwa maji ya moto, akauosha tena, kisha akaomba brashi. Mama akamwambia aache. Shangazi alipoletwa kunitazama alikunjua vidole vyangu kimoja kimoja, akafika cha shahada, akavikunja vyote tena na kutoka chumbani.

Sasa nina miaka hamsini na miwili. Ukucha wa kidole hicho ungali mweusi; hukua kama kucha nyingine, nami huukata kila Jumamosi. Madaktari wawili wameutazama. Wanasema si uchafu, si ugonjwa, ni damu iliyovilia chini ya ukucha, na kwamba kidole kilibanwa siku chache zilizopita.