Shimo Nyuma ya Chumba cha Zaitun

Mwajabu huuza chai na maandazi nyumbani kwake, mjini Kasulu. Mumewe, Nurudini, ni mwokoaji. Nyumba ikiungua au kisima kikibomoka, yeye na wenzake ndio huitwa. Zamani alikuwa akirudi kutoka kazini na njaa ya watu wawili. Mwajabu alikuwa akimtania kwamba angeolewa na mwalimu, unga ungedumu zaidi.

Tangu mwezi wa tatu utani huo ulikwisha. Nurudini hakula vizuri, wala hakulala. Kila saa tisa alasiri aliacha alichokuwa akifanya na kuinua kidole.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Anagonga. Huko chini."

Mwajabu alisikiliza. Alisikia kuku na redio ya jirani, basi.

Siku moja alimkuta mumewe amelala kifudifudi uani, sikio lake kwenye udongo mwekundu. Kando yake alilala Zaitun, binti yao wa miaka saba, naye sikio chini. Wote wawili walikuwa wamefumba macho.

"Mama, usikanyage kwa nguvu," Zaitun alinong'ona. "Atanyamaza."

"Nani?"

"Mtu wa chini. Mimi pia namsikia."

Mwajabu aliingiwa na baridi mwili mzima, na jua lilikuwa linawaka. Hata mimi ningeogopa, sioni aibu kusema.

Kesho yake Nurudini alianza kuchimba. Alichimba nyuma ya nyumba, chini ya ukuta wa chumba anacholala Zaitun. Alipiga jembe mara kumi, akasimama kusikiliza, akaendelea. Ukuta ule ni wa matofali mabichi. Baada ya siku tatu ulianza kufanya ufa.

Mwajabu alidhani mumewe ameshikwa na mzimu. Aliona haya pia. Watu wanamwita shujaa, leo waambiwe amerukwa na akili? Majirani walipouliza, alijibu, "Anachimba choo."

Uongo huo ulileta balaa jingine, kwa sababu mtaani kwao jirani haachwi achimbe peke yake. Siku ya nne Sylvesta, jirani yao, alifika na sururu begani.

"Mwidiwe, mama Zaitun," alisalimu kwa Kiha. "Nasikia mnachimba choo. Mbona hamkuniita?"

Mwajabu angemzuia vipi? Sylvesta alishuka shimoni. Wanaume wawili wakachimba kwa bidii, mmoja akichimba choo, mwingine akimchimbua mtu. Kufikia jioni shimo lilikuwa la kina cha kifua.

Sylvesta alipofika kwake alimweleza mkewe, Immakulata, ambaye ni muuguzi katika kliniki ya afya ya akili.

"Baba Zaitun ananitia hofu," alisema. "Ananinyamazisha, kisha analiambia shimo, 'Vumilia, nakuja.'"

"Na tangu lini choo kikachimbwa chini ya chumba cha mtoto?" Immakulata aliuliza.

Asubuhi alikwenda. Mwajabu alimwona tu, akalia na kusema yote. Wakamwita Nurudini. Alikaa ukingoni mwa shimo na kusimulia polepole.

"Ilikuwa mwezi wa tatu, kijijini Rungwe Mpya. Kisima kilimfukia mchimbaji. Alikuwa hai. Alikuwa anagonga ndoo kwa jiwe, mara tatu, mara tatu. Nikamwambia vumilia, nakuja. Saa tisa akaacha kugonga. Nilikuwa nimebakiza mita moja."

"Baadaye mlifanya nini kikosini?"

"Tuliosha gari na majembe, kila mtu akaenda kwao. Ndiyo desturi yetu. Ukimtaja marehemu, wenzako wanakuimbia nyimbo mpaka unyamaze."

Immakulata alitikisa kichwa.

"Baba Zaitun, huu si mzimu, wala wewe si mwendawazimu. Uliona jambo zito na hukupata pa kulisema. Sasa akili yako bado iko kule kisimani, inataka kumaliza kazi. Hali hii huwapata waokoaji wengi, na madereva wa magari ya wagonjwa. Mimi mwenyewe iliwahi kunipata. Inatibika."

"Kwa dawa gani?"

"Tutaanza na mazungumzo, kila Jumatano. Ukisikia mlio wa kugonga, shika kitu kilicho karibu, utaje kwa sauti vitu unavyoviona, ujue uko nyumbani. Ule na upumzike. Omba likizo fupi. Daktari akiona unahitaji vidonge, atakupa."

"Na mimi nifanye nini?" aliuliza Mwajabu.

"Usimfiche tena, shoga yangu. Usimwambie ajikaze. Msikilize. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake, mlete hospitali saa hiyohiyo. Na shimo hili lifukiwe leo, kabla ukuta haujamwangukia mtoto."

Nurudini alitazama chini.

"Nikilifukia nitakuwa nimemzika."

"Ndugu zake walishamzika," Immakulata alimjibu kwa upole.

Nurudini akalia. Alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemnyamazisha. Kisha alishika koleo, akafukia yeye mwenyewe, Sylvesta akimsaidia.

Miezi mitatu ilipita. Mlio wa kugonga ulikuja kila siku, baadaye siku mojamoja. Immakulata hakuahidi kwamba utaisha wote. Lakini Nurudini alianza kulala, akarudi kazini, na Zaitun alipoambiwa ukweli kwa maneno ya kitoto, aliacha kulala uani.

Nurudini aliomba jambo moja kwa Kipriani, kiongozi wa kikosi. Sasa wakitoka kwenye tukio baya, hawaoshi gari kwanza. Wanakaa. Anayetaka anasema alichokiona, na nyimbo ni marufuku. Kipriani huwauliza wote, mmoja mmoja. Mwenyewe hasemi kitu.

Jumanne moja Kipriani alifika kwa Mwajabu. Aliagiza chai, hakuinywa.

"Kuna tukio, afande?" Nurudini aliuliza.

"Hakuna." Alikizungusha kikombe. "Unakumbuka lile lori lililoungua njia ya Kibondo, mwaka juzi?"

"Nakumbuka."

"Bado nasikia harufu ya ule moshi. Hata kanisani. Hata mke wangu akipika." Kisha akasema akitazama meza, "Hiyo kliniki yenu, mtu anaingilia mlango gani?"

Nurudini alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Kesho nitakupitia saa mbili," alisema. "Tutaingia pamoja."