Machela ya Ijumbi Ilikuwa Moja

Ndugu zangu mliozika na mnaoendelea kuzika, nimechoka kama ninyi. Hata hivyo nisikilizeni, maana katika kisa hiki na mimi nimo.

Alhamisi moja ya mwaka 1989, Anatolia alikuwa ameketi barazani kwake hapa Ijumbi, amevaa gauni lake safi, kadi ya kliniki mkononi. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani na migomba ilikuwa imezaa vizuri kibanjani, shamba la kuzunguka nyumba. Mumewe, Rugaibula, alikuwa anajaza baiskeli upepo.

Anatolia alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu utotoni. Moyo wake ulipiga upesi upesi, ukanyamaza, ukaanza tena. Kila baada ya wiki nne mumewe alimpakia hadi zahanati, ambako muuguzi Eufrazia aliendesha kliniki ya wagonjwa wa namna hiyo peke yake, bila daktari. Alishika mkono wa mgonjwa, akahesabu mapigo kwa saa yake dakika nzima, ndipo akatoa vidonge. Bila kuhesabu hakutoa, kwa sababu vidonge vile vikizidi ni hatari na vikikosekana ni hatari. Kwa uangalizi huo Anatolia alipalilia kibanja chake na kunitania: "Karugendo, moyo wangu unajua kucheza ngoma, wewe unajua kusoma majina tu!"

Kabla baiskeli haijatoka, yowe likasikika ng'ambo ya kilima. Jirani yetu Clavery amefariki.

Mnajua desturi yetu. Kukiwa na msiba jembe halishikwi, safari zinaahirishwa, na asiyezika hatazikwa. Mimi ndiye katibu wa chama cha mazishi, na kila mazishi nilisoma kaburini, kutoka daftari langu, majina ya waliokosa. Zamani tulizika mara chache kwa mwaka. Baada ya vita vya 1979 ukaja ukimwi, tukawa tunazika kila wiki, lakini hakuna aliyefikiri kubadili desturi. Mimi wa kwanza sikufikiri.

"Tutakwenda Alhamisi ijayo," Rugaibula akamwambia mkewe.

"Vidonge vimebaki vya siku tatu, waitu," mkewe alimsihi.

"Nikikosa, Karugendo atanisoma."

Alhamisi iliyofuata tulimzika mjane wa Clavery. Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta.

Alhamisi ya tatu ililetwa maiti ya mwalimu Ildefons, aliyefia mjini, Nshambya. Gari liliishia barabarani, tukamweka kwenye machela ya kijiji tumpandishe kibanjani kwao. Hapo akatokea Eufrazia, jasho likimtoka. Alikuwa amefunga kliniki kumfuata mgonjwa wake nyumbani.

"Karugendo, nipe machela na wanaume wanne," alisema. "Anatolia amevimba miguu, pumzi haimtoshi, na mapigo yake yananishinda kuhesabu. Dereva amekubali kusubiri ampeleke hospitali ya Rubya."

"Sista, machela ina marehemu."

"Marehemu anaweza kungoja. Yule hawezi."

Nilikasirika. Nani anasema hivyo mbele ya maiti? "Marehemu kwanza," nilijibu. "Tukimaliza tutakuja."

Rugaibula alikuwa ameshika mti mmoja wa machela. Alinitazama, akatazama daftari langu. Kisha akainama, akabeba.

Tulizika, tukaimba, nikasoma majina. Rugaibula hakuwamo kati ya waliokosa. Ndipo tukakimbia na machela tupu. Tulimkuta Eufrazia ameketi sakafuni, ameushika mkono wa Anatolia. Hakutufokea. Natamani angetufokea.

"Nilihesabu mpaka mwisho," alisema, akafungasha vitu vyake, akaondoka kwa miguu.

Jumamosi tukamzika Anatolia. Nilifungua daftari nisome waliokosa, na halikuwamo hata jina moja. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja.

FUNZO

Kumzika mtu ni heshima, lakini heshima ya kwanza ni ya aliye hai. Maiti hapungukiwi kitu akingoja; mgonjwa wa moyo akikosa siku yake ya kliniki, huenda asipate nyingine. Desturi iliyofaa wakati wa misiba michache inaweza kuua wakati wa misiba mingi, na wenye madaftari ndio wa kuibadili.

Siku hizi Ijumbi kuna machela mbili, na anayempeleka mgonjwa kliniki simsomi. Rugaibula tunasalimiana kila asubuhi. Hajaniuliza neno hata moja, nami kila asubuhi nangoja aniulize.